Maji ya Mbeya hayachemki kwa 100

Nipo Leeds, Uingereza, namalizia masta ya elimu ya sayansi, na kila nikipiga simu nyumbani walimu wenzangu wananiuliza maabara za huku zikoje. Ni nzuri, sifichi, kila mwanafunzi ana bika lake na umeme haukatiki. Ila linaloninyima usingizi sio hilo.

Kabla sijaja nilikuwa nafundisha fizikia sekondari moja kule juu Mbeya. Siku moja form two wanachemsha maji kwenye jiko la mafuta, themomita zilikuwa 2 tu darasa zima wanapokezana, kijana mmoja akaniita, "Sir, imegoma kwenye 94." Nikaangalia, kweli imesimama palepale na maji yanatokota kabisa, nikamwambia themomita hiyo mbovu, andika 100 maana ndo jibu la mtihani. Akafuta kwa raba akaandika 100. Ile raba naiona mpaka leo.

Sasa huku tukapewa kazi, chukua kosa moja la mwanafunzi ulichambue, mi nikaandika la yule kijana. Lekchara akasoma akaniuliza kitu kimoja tu, shule yako iko mita ngapi kutoka usawa wa bahari? Nikasema kama 1,700. Akanyamaza, ananiangalia tu, mpaka nikaelewa mwenyewe. Kule juu hewa inayakandamiza maji kidogo kuliko pwani ndo maana yanachemka mapema, na kwa kimo chetu ni kama 94 hivi. Themomita ilikuwa nzima. Mtoto alikuwa sahihi, mi mwenye digrii ndo nikamfundisha asiamini macho yake.

Na kilichoniuma zaidi, makala tuliyosomeshwa baadaye ni ya 1969, ya Erasto Mpemba na Dk. Denis Osborne. Mpemba ni Mtanzania mwenzetu, mwaka 1963 akiwa Magamba sekondari aliona maziwa ya moto yakiganda kwenye friza kabla ya yaliyopoa, akachekwa, hakuliacha, akaja kumuuliza Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar aliyealikwa kuzungumza pale sekondari ya Mkwawa, Iringa, wenzake wakacheka tena ila yule mgeni akaenda kupima. Iringa! Napita hapo kila nikienda Dar, na Mkwawa leo ni chuo cha kusomesha walimu, afu habari yenyewe nakuja kuisoma kwa undani Leeds kwenye baridi.

Kwa hiyo walimu wenzangu, msinielewe vibaya, vifaa vinahitajika na serikali ilete. Ila nilichokiona huku ni mwalimu kuuliza "umeonaje?" na kusubiri jibu, basi, hilo halina bei. Halafu mtoto wa huku anauliza kwa lugha aliyokulia, wa kwetu kamaliza la saba kwa Kiswahili, form one anakutana na Kiingereza, swali linamfia mdomoni. Mi nikirudi watauliza kwa Kiswahili, na Kinyakyusa kikibidi, Kiingereza cha mtihani tutakipanga baadaye.

Mama zetu wa Makete wanajua kabisa maharage yanachelewa kuiva kule juu milimani, hiyo ni sayansi ileile, nani amewahi kuipeleka darasani? Mlioko Kyela kule chini, Mbeya mjini na Makete juu zaidi, wiki hii chemsheni maji na wanafunzi wenu, andikeni namba wanayoiona wao, mnitumie.