Nyasi za Penga Penga: sumu imefungwa, haijaondoka

Tanuri la shaba la Lubumbashi, jiji la Katanga kusini-mashariki mwa Kongo (DRC), lilianza kazi mwaka 1911. Kwa miongo mingi moshi wake ulifuata upepo na kushuka juu ya vitongoji kama Penga Penga, ukiwa na vumbi la shaba, zinki, na metali mbili za sumu, risasi na kadimiamu, pamoja na gesi ya salfa inayoutia udongo asidi. Miti ilikufa, nyasi zikatoweka, mvua ikabeba tabaka la juu la ardhi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walijaribu dawa isiyo na makuu: changanya chokaa na mboji kwenye udongo ule, kisha pandikiza mashina ya Microchloa kunthii, nyasi fupi inayojiotea yenyewe kwenye vilima vya shaba vya Katanga. Ilishika. Mahali palipokuwa uwanda mtupu pakaota kijani.

Ninaiunga mkono kazi hii, lakini neno "kusafisha", kana kwamba mmea utaifyonza sumu yote na kuitoa ardhini, linalorukia midomoni mwa watu linanitia wasiwasi. Tupige hesabu ya mfano. Hekta moja, kina cha sentimita 20, ina udongo wa tani 2,500 hivi. Kila kilo ikiwa na gramu 5 za shaba, hapo pamelala tani 12.5 za shaba. Mmea wenye gramu moja ya shaba katika kila kilo ya majani makavu, ukivunwa tani 5 kwa mwaka, unaondoa kilo 5. Ni kazi ya miaka 2,500. Hata sifa ya "maua ya shaba" ya Katanga, mimea inayoota kwenye udongo wenye shaba nyingi, kwamba yanafyonza madini kupita kiasi, ilipungua majani yalipooshwa vizuri kabla ya kupimwa: sehemu ya shaba ile ilikuwa vumbi lililoganda juu yake.

Faida ya nyasi iko kwingine. Chokaa inapunguza asidi, na shaba inashikamana na udongo badala ya kuyeyuka kwenye maji yanayofika mizizini. Mizizi nayo inaushika udongo usipeperuke. Mtoto anayecheza chini kisha akala bila kunawa, hilo vumbi la risasi ndilo adui yake wa kwanza, na nyasi inalipunguza leo, si baada ya karne. Kuchimba na kuhamisha udongo wote ni gharama kubwa mno, na bado utatafuta pa kuutupa.

Ila asidi hurudi taratibu mvua zinapoiosha chokaa. Moto wa kiangazi ukipita, ardhi inabaki wazi tena. Penye arseniki, sumu nyingine ya ardhini, chokaa nyingi inaweza kuifungulia njia ya kuingia majini badala ya kuizuia. Linaloniogopesha zaidi ni kijani chenyewe: mama anayetafuta pa kupanda lengalenga (mchicha) akiona nyasi zimestawi, ataamini ardhi imepona, naye atalima, atavuna, atauza sokoni. Chini ya jembe lake shaba na kadimiamu ni zile zile.

Kwa hiyo mpango wowote wa kupanda nyasi usomwe kuanzia mwaka wa tano: nani analipia gunia la chokaa, nani anafyeka ukanda wa kuzuia moto kila Mei, nani anapima mboga za bustani za jirani, na familia zinazokatazwa kulima pale zinapewa shamba gani.