Mzee Thiess na mbwa wa Mungu

Filamu zimetuzoesha mtu anayegeuka mbwa mwitu mwezi ukiwa mpevu, akararua majirani zake mpaka apigwe risasi ya fedha. Mimi naona picha hiyo inatunyima mambo mengi. Anayetaka kumjua kiumbe huyu aanze na mkulima mzee aliyeitwa Thiess.

Mwaka 1691, huko Jürgensburg, Livonia, eneo ambalo leo liko Latvia, Thiess aliitwa mahakamani kutoa ushahidi katika kesi ya wizi wa kanisani. Umri wake ulishapita miaka 80. Majaji walikuwa wamesikia anayosemwa kijijini, wakamuuliza. Hakukana. Alisema yeye na wenzake hugeuka mbwa mwitu usiku wa Mtakatifu Lusia, wa Pentekoste na wa Mtakatifu Yohane, wakashuka kuzimu kupambana na wachawi walioiba nafaka na mifugo, wakavirudisha ili mashamba yapate kuzaa. Wao, alisema, ni mbwa wa Mungu. Hata pua yake iliyovunjika alikuwa na maelezo yake: mchawi mmoja alimtandika kwa mpini wa ufagio uliofungwa mikia ya farasi.

Majaji walimbana akiri kwamba amefanya agano na Shetani. Alikataa katakata, Shetani ni adui yao, atakuwaje bwana wao? Mchungaji alipomsihi atubu, mzee alimjibu kwamba yeye anayajua mambo haya zaidi, mchungaji bado kijana.

Jibu hilo nalipenda mno. Lilinganishe na kesi nyingine: mwaka 1589, Bedburg nchini Ujerumani, Peter Stumpp alikiri kwamba Shetani alimpa mkanda wa kumgeuza mbwa mwitu. Alikiri baada ya kutishiwa mateso, kisha akauawa kikatili. Hadithi ya Stumpp ndiyo iliyochapishwa na kusambazwa Ulaya, ikatufikia sisi. Lakini maungamo yanayotoka kwa mtu anayeogopa kuvunjwa mifupa yananieleza zaidi fikra za anayemhoji kuliko imani za kijiji chake.

Thiess alisema ya kwao. Kwa mkulima wa Livonia, aliyetawaliwa na mabwana wa Kijerumani chini ya mfalme wa Sweden, mavuno yakikosekana ni njaa, na mtu wa kuyapigania mavuno hayo hawezi kuwa mwovu. Kesi yake haikuwa ya mauaji. Hata hivyo alihukumiwa kuchapwa viboko na kufukuzwa nchini, mzee wa umri ule.