Feni ilinila dredi, na ile klipu mmesikia si stori yote

Sawa. Kwa vile klipu ya mimi nikipiga nduru imefika hadi grupu ya ploti, na asubuhi mama mboga ameniuliza kama kichwa kimepoa, wacha nijitolee stori mwenyewe, maana vile beste yangu anaisimulia kuna chumvi ya kupika githeri wiki mzima. Sikulia. Nilipiga nduru. Hizo ni vitu mbili tofauti.

Mnajua ile kompyuta niliunga mwenyewe na vipuri vya Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki hapa Nairobi, hiki kwa huyu, kile kwa yule wa ghorofa ya juu. Inachapa kazi poa, shida ni kelele za feni, na mimi sauti ndio kazi yangu, nasoma matangazo, sasa klayenti akanirudishia rekodi akiuliza kwa upole kama nilikuwa nimepanda matatu.

Yale ya kawaida nilikuwa nimefanya. Nimepuliza vumbi (Zimmerman hatujawahi kukosa vumbi), nimetoa feni ndogo nikaweka za milimita 120, kwa sababu feni kubwa inasukuma upepo ule ule ikizunguka polepole, kelele inapungua. Ikabaki mngurumo mmoja wa chini chini. Huo mara nyingi si upepo, ni feni inatikisa bati la kesi, lile boksi la kompyuta, na dawa yake ni kutoa skurubu uishikilie na mpira. Mpira sikuwa nao. Lakini kichwani nilikuwa nao, ule wa kufunga dredi.

Mshaona hii inaenda wapi. Mimi sikuona.

Nikafungua mpira, nikakatakata, nikaning'iniza feni ya nyuma, safi kabisa. Nikaacha simu kwa meza inarekodi ndio nilinganishe kelele baadaye, nikapiga magoti, nikachukua ile karatasi ngumu ya katikati ya tishu, ncha moja sikioni, nyingine nazungusha ndani ya kesi nikitafuta feni gani inanguruma. Hiyo ni mbinu ya ukweli, wewe unayecheka ujaribu. Ya nyuma, kimya. Ya mbele, kimya. Nikainama zaidi kwa ile ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, nikaisikia. Hata kwa klipu mnanisikia nikisema, "Nimekupata leo!"

Hapo ndio dredi moja ikateremka begani. Niliiona, naapa. Ikaenda mdogo mdogo ikagusa feni, trrr, nikadhani ni waya, nikasema wacha nitoe huo waya, na kabla mkono ufike nikahisi waya umeshikana na kichwa changu. Ikazungushwa ya kwanza, ikaita mwenzake, shavu likaenda likabandikwa kwa ile chuma ya kupoza prosesa, na si ati ni baridi. Feni ikakwama. Nikadhani imeisha. Wapi! Hizi feni zikikwama hazikubali, mota inapumzika kidogo halafu inajaribu kuanza tena. Tik. Inavuta. Nangoja. Tik. Magoti kwa zulia, makalio kwa hewa, simu naiona kwa meza na siifikii.

Nikapapasa batani ya pawa nikaigusa mara moja. Unafaa kuifinyilia kama sekunde 4 ndio izime kwa nguvu, lakini nani anakumbuka hayo akiwa ameshikwa nywele? Nikageuza lile jicho moja lilikuwa huru. Skrini inasema inafanya apdeti, nisizime kompyuta. Asilimia 12. Na vile mimi huogopa kuharibu Windows, si nikaheshimu! Tik. Asilimia 13. Maisha yangu yote Nairobi sijawahi kuomba stima ipotee, na siku hiyo ndio iliamua kukaa ngangari.

Zile nduru zenyewe mmezisikia, sirudii.

Beste akaingia bila hodi, akaniangalia, akachukua simu YANGU akanipiga picha, ndio akauliza, "Bro, inakuambia nini?" Halafu akang'oa plagi ukutani. Basi.

Dredi ilikuwa imejiviringisha hadi ndani, kwa hivyo tukachomoa feni nzima, nikavaa hudi, nikatembea hadi kwa msusi wa pale stage na feni inaning'inia sikioni. Akakata moja, akaokoa moja, akanilipisha kama ametengeneza kichwa kizima. Na mngurumo? Hiyo feni ya pini 4 nilikuwa nimeiunganisha moja kwa moja na pawa saplai, inakula volti 12 saa zote, haina wa kuiambia ipunguze. Nimeihamishia madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, nikaingia BIOS, ile menyu ya kabla Windows iwake, nikaiambia isikimbie kabla prosesa ipite nyuzi 60. Kimya.

Na wewe beste uliyeweka biti kwa sauti yangu, uliondoka na bisibisi yangu ndogo. Ifike kwangu kabla ya jioni, ama hii grupu ione ile video ukikimbizwa na bata kwa shosho yako.