Tutu Si Gauni la Keki

Wiki iliyopita, kwenye kundi letu la WhatsApp la wazazi, mama mmoja alilalamikia bei ya tutu, ile sketi ya neti ya wacheza baleti, anayotakiwa kumnunulia binti yake kwa onyesho la mwisho wa muhula. Hapo simlaumu, bei ni kubwa kweli. Kilichoniudhi ni baba mmoja aliyemjibu kwamba hivyo ni vigauni vya keki tu, aende mtaani akachukue chochote kinachochanua. Watu wakacheka, kisha mazungumzo yakahamia kwenye nauli ya basi la shule.

Jibu lile limenikaa kooni. Najua lilikotoka. Siku hizi mtoto wa kike akitimiza mwaka huvalishwa neti ya waridi na kupigwa picha mbele ya keki, na sioni ubaya wowote. Lakini tutu ya jukwaani ni kifaa cha kazi, na kuna wasichana waliokufa wakiwa kazini ndani yake.

Tarehe 12 Machi 1832, mcheza baleti Marie Taglioni alipanda jukwaani Opera ya Paris katika La Sylphide, baleti iliyotungwa na baba yake, Filippo. Alivaa sketi nyeupe, nyepesi, yenye umbo la kengele, iliyoishia katikati ya muundi. Karne moja kabla yake mchezaji mwingine, Marie Camargo, alikuwa ameshawashtua watazamaji kwa kupandisha sketi kidogo tu ili kazi ya nyayo zake ionekane. Taglioni alikuja wakati mzuri zaidi. Mwingereza John Heathcoat alikuwa amebuni mashine ya kufuma neti, kazi iliyokuwa ikiwachosha watu kwa mkono, na Opera ilikuwa na taa za gesi tangu mwaka 1822. Mwanga wa gesi ukipita kwenye tabaka za melimeli na neti, na aliyevaa amesimama kwa ncha za vidole, unaweza kuapa kwamba mtu yule hana uzito. Ulaya nzima iliapa hivyo.

Sasa fikiria: kitambaa chembamba kilichochanuka, na miali iliyo wazi pembeni mwa jukwaa. London, mwaka 1844, mchezaji Clara Webster aliungua mbele ya watazamaji wa ukumbi wa Drury Lane na kufa siku chache baadaye. Philadelphia, mwaka 1861, moto ulishika nguo katika chumba cha kubadilishia, ukaua wacheza densi kadhaa, wakiwemo ndugu wa familia ya Gale.

Na Emma Livry, mchezaji wa Opera ya Paris. Huyu ndiye nisiyeweza kumwacha.

Taglioni, akiwa ameshastaafu, alimpenda binti huyu kiasi cha kumtungia baleti, Le Papillon, mwaka 1860, muziki ukiwa wa Offenbach. Wakati huo serikali ya Ufaransa ilikuwa imeshaagiza mavazi ya jukwaani yachovywe kwenye dawa ya kuzuia moto. Dawa ilifanya kazi yake, ila ilikakamaza kitambaa na kukififisha rangi. Emma alikataa. Aliuandikia uongozi kwamba atacheza na sketi yake ya kawaida, na lolote litakalotokea liwe juu yake. Tarehe 15 Novemba 1862, katika mazoezi, alikuwa akingoja zamu yake. Aliitikisa sketi ichanuke, ikakutana na mwali wa taa. Alikimbia jukwaani huku na huku akiwaka moto kabla ya kufikiwa na blanketi. Aliishi na majeraha yale miezi minane, akafa Julai 1863. Alikuwa na miaka 20. Vipande vya nguo yake vilivyobaki vimehifadhiwa kwenye makumbusho ya Opera hadi leo.

Wapo wanaosema alijiponza kwa kupenda urembo. Mimi sikubali, na nitalisema hili kila nitakapopewa nafasi. Katika uchezaji wa wakati ule, mguu ukipanda neti hupanda baada yake, mguu ukitua neti huchelewa kidogo kutua, na kule kuchelewa ndiko kunakomfanya mchezaji aonekane anaelea. Sketi iliyokakamaa haichelewi. Emma alijua kazi yake kuliko waliotunga ile amri. Aliambiwa achague kati ya ngozi yake na ufundi wake, wakati mwali uliowekwa wazi pale anaposubiri msichana mwenye sketi ya melimeli haukuwekwa na yeye. Lawama ikamwendea marehemu, kama inavyowaendea wafanyakazi wengi wanaokufa kazini.

Baada ya hapo sketi ikaanza kupanda. Virginia Zucchi alifika St. Petersburg mwaka 1885 na sketi fupi kuliko zilizozoeleka kule. Mwenzake wa Italia, Pierina Legnani, akazunguka mara 32 kwa mguu mmoja bila kupumzika, kwanza katika baleti ya Cinderella mwaka 1893, kisha katika ile ya Swan Lake mwaka 1895. Mizunguko kama ile haitaki kitambaa cha kuzuia goti, na watazamaji hawataki kukisia kinachofanyika chini. Wanataka kuhesabu.

Nitakubali jambo moja, kwa shingo upande. Kulikuwa na wanaume waliofurahia paja tu. Opera ya Paris ilikuwa na matajiri waliolipia viti vya msimu mzima na kupata ruhusa ya kuingia nyuma ya jukwaa, kwa wasichana ambao wengi wao walitoka kwenye nyumba za kimaskini. Marie van Goethem alikuwa mmoja wa wasichana hao, na msanii Degas alipoonyesha sanamu ya nta ya msichana huyo mwaka 1881, akiwa ameivisha sketi ya kitambaa halisi, wahakiki walimtukana yule mtoto sura. Historia hiyo ni chafu na siifuti. Hata hivyo, waliokaa kwenye viti vile hawakuwa na uwezo wa kuzunguka hata mara tatu. Sketi ilipofika nyonga ilimnyang'anya mchezaji maficho yote: goti lililolegea linaonekana, nyonga iliyopinda inaonekana, hata hofu inaonekana. Anayekubali kuivaa anawaambia watu elfu mbili wakague kazi yake.

Nilimwonyesha shangazi yangu picha ya tutu. Yeye ni fundi cherehani, na hakuuliza habari za uzuri. Aliikuza ile picha kwa vidole viwili, akaniuliza, "Sasa mwanangu, hii neti imesimamaje?" Hilo ndilo swali lenyewe. Husimama kwa sababu tabaka zipo kumi na zaidi, zimepigwa marinda na kushonewa kwenye chupi moja baada ya nyingine, fupi zikiwa chini na ndefu juu, kila moja ikiibeba inayofuata. Kisha hushikizwa pamoja kwa mishono iliyolegea, ili zitembee kama kitu kimoja bila kubanana. Nyingine huingizwa waya mwembamba kwenye tabaka la katikati. Sehemu ya kifuani hukatwa vipande vingi, vingine upogo, ili mbavu zipate kupumua, na mgongoni huwekwa safu zaidi ya moja ya vikulabu, maana nguo ile itavaliwa na wengi. Ndani hushonewa vibandiko vya majina, la mchezaji wa leo chini ya majina ya waliotangulia. Ikivuliwa huning'inizwa juu chini. Mwaka 1950 mshonaji wa mavazi ya jukwaani Barbara Karinska aliondoa waya kwenye mavazi ya Symphony in C, baleti ya mtunzi Balanchine, neti ikawa fupi na laini, na safu za wachezaji zikaweza kupishana bila sketi kusukumana. Shangazi alisikiliza yote, kisha akasema kazi hiyo isishonwe kwa haraka.

Kibera watoto hujifunza baleti darasani, madawati yakiwa yamesogezwa, wengine miguu mitupu. Ukitaka kujua wanachokiona mle, msikilize Michaela DePrince. Alizaliwa Sierra Leone mwaka 1995, akawa yatima wakati wa vita, na kwenye kituo cha yatima watoto walipangwa kwa namba. Yeye alikuwa wa 27 kati ya 27, kwa sababu ya mabaka ya ngozi yake. Upepo ulimletea jarida lenye picha ya mcheza baleti, akaichana kutoka humo na kuificha. Alipofika Marekani, mama aliyemlea alizipaka rangi ya kahawia kamba za mavazi yake, kwa kuwa zile walizoziita rangi ya ngozi zilikuwa za ngozi ya watu wengine. Alicheza hadi kufika Dutch National Ballet, kundi la baleti la taifa la Uholanzi, akafariki Septemba 2024 akiwa na miaka 29.

Kamba ile si jambo dogo. Arthur Mitchell na kundi lake la baleti la New York, Dance Theatre of Harlem, walilielewa miaka ya 1970, wakawavisha wachezaji wao soksi na viatu vinavyofuata ngozi ya kila mmoja. Tutu imeshonwa ili mguu wote uonekane kuanzia nyonga hadi kidole, na soksi ya waridi kwenye mguu mweusi inaukata mstari huo mahali ambapo mwili haukuukata. Kwa hiyo mwalimu au fundi anayewaandalia watoto wetu onyesho la muhula huu, kama fedha ni chache, apunguze tabaka za neti. Soksi na kamba za begani zifuate ngozi ya mtoto.