Mtafsiri, nyamaza kidogo!

Jamani, hawa wanaotafsiri filamu kwa Kiswahili, sauti yao ikiwa juu ya filamu yenyewe, wananikera sana. Juzi kwenye kibanda umiza kimoja, yaani banda la kuonyeshea video, Kirumba, Mwanza, jirani na soko la Mwaloni, tumewekewa The Good, the Bad and the Ugly ya mwaka 1966. Pale mwisho makaburini, watu watatu wanatazamana, mikono karibu na bastola, hakuna anayesema neno. Muziki wa Ennio Morricone ndio unaongea. Basi mtafsiri akaona kimya kile ni nafasi yake: "Huyu sasa anawaza atoroke!" Tarumbeta ikafunikwa kabisa. Halafu akamtaja atakayekufa kabla hata risasi haijatoka! Filamu mpya za mapigano sawa, aongee tu, zenyewe kelele tupu. Lakini hii, utamu wake wote uko kwenye ule ukimya. Tafsiri yaliyosemwa, basi!