Kwale wa Udzungwa na kwale wa Rubeho: spishi moja au mbili?

Mwaka 1991, watafiti waliokuwa kambini katika Milima ya Udzungwa, Tanzania, waliona kwenye sufuria ya mchuzi miguu miwili ya ndege wasiyemjua. Ndege huyo alipoelezwa kisayansi mwaka 1994, alipewa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) mpya kabisa, Xenoperdix, yenye undugu na kwale wa misitu ya milimani ya Asia. Baadaye kundi jingine lilipatikana katika msitu wa Mafwemiro, Milima ya Rubeho, ng'ambo ya Mto Ruaha Mkuu. Watafiti wa ndege Jon Fjeldså na Jacob Kiure walilieleza mwaka 2003 kuwa nususpishi, yaani tawi ndani ya spishi ileile; mwaka 2005, vinasaba vilipochunguzwa, likapandishwa hadhi na kuwa spishi kamili, Xenoperdix obscuratus.

Mwenye kutilia shaka uamuzi huo ana hoja nzito. Makundi madogo yaliyotengana huweza kutofautiana upesi kwa bahati nasibu tu, na kwa kuwa kwale hawa hawakutani porini, hakuna awezaye kuona kama wangezaliana. Hata hivyo, utengano wenyewe si wa kupuuzwa: hawa ni ndege wa kuchakura majani makavu chini ya miti ya msitu mbichi, na nyanda kavu zilizo kati ya milima hiyo ni kizuizi wasichoweza kukivuka. Umbo, rangi na vinasaba vikishuhudia jambo lilelile, mimi naegemea upande wa spishi mbili.

Uzito wa suala hili, kwa maoni yangu, uko zaidi katika uhifadhi. Wakihesabiwa pamoja, kwale wa Udzungwa, wenye misitu mikubwa zaidi kama Ndundulu, huficha unyonge wa wenzao wanaotegemea kipande kidogo cha msitu, ambako uzio wa matawi wenye mwanya mmoja na kitanzi ndani yake unatosha kunasa kila ndege apitaye kwa miguu. Lakini kuwatenga nako kuna gharama yake, ambayo watetezi wa spishi mbili huigusia kwa nadra: kwale wa Mafwemiro wakipungua mno, kuwaletea ndege kutoka Udzungwa hakutakuwa tena uokoaji wa kawaida, bali uchanganyaji wa koo mbili ambazo hazitaweza tena kutenganishwa. Mlango huo ukifungwa, inabaki kazi ya kung'oa vitanzi na kuzuia moto Mafwemiro kwenyewe, mapema, wakati ndege wangali wanatosha kuzaliana bila msaada.