Kiunoni au ndani ya sefu, hapana pa tatu

Mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka saba alipokuja kwetu likizo ya Agosti. Siku ya nne, tukiwa mezani, akaniuliza huku anachovya chapati kwenye maharagwe, "Anko, kumbe bastola ya kweli ni nzito hivyo?"

Mke wangu aliweka kijiko chini. Mimi nilinyanyuka bila kusema kitu, nikaenda chumbani, nikapanda kiti na kutazama juu ya kabati. Kwenye vumbi palikuwa na alama za viganja viwili vidogo, kimoja kimeburuzwa mpaka ukingoni. Bastola ilikuwa pale pale, ndani ya ala yake, ila mimi huilaza mtutu ukielekea ukutani na sasa ulielekea dirishani. Kigoda alichopandia alikuwa amekwisha kukirudisha jikoni, kwa adabu kabisa.

Risasi moja ilikuwa kwenye chemba, tayari kufyatuliwa.

Naandika haya kwa wenzangu wenye cheti cha kumiliki silaha, na kwa wale wanaojaza fomu sasa hivi wakidhani kazi ngumu ni kupita mahojiano. Kazi ngumu huanza siku unapoileta ile kitu nyumbani na kujiuliza, haya, naiweka wapi?

Mimi niliomba cheti baada ya kuvamiwa getini kwangu. Kila dereva wa Nairobi anaijua saa ile: umepiga honi, mlinzi bado hajafika, taa za gari zimeumulika mlango wa geti, na wewe umetulia pale kama kuku kwenye tenga. Walikuwa watatu. Walichukua gari, simu na pete ya ndoa, na mmoja akanizaba kibao, sijui kwa nini, maana sikuwa nimebisha chochote. Nikisema ukweli, kibao kile ndicho kilichonipeleka kuomba leseni. Gari lilikuwa na bima.

Kwa hiyo mtu asije akaniambia siujui utamu wa kuwa tayari. Mwaka 1983, Dennis Tueller, sajini wa polisi wa Salt Lake City huko Marekani, aliandika kwamba mtu mwenye kisu akiwa futi 21 kutoka kwako, yaani mita sita na kitu, anakufikia kwa sekunde moja na nusu hivi. Hebu pima sebule yako. Sasa mwenye bastola isiyo na risasi kwenye chemba lazima kwanza akoki, yaani avute sehemu ya juu nyuma ili risasi iingie chemba, na kukoki kunataka mikono miwili. Mkono mmoja ukiwa umemshika mtoto, au umeshapigwa panga, umebaki na nyundo ya bei ghali. Ndiyo maana wengi wetu tunatembea na risasi ndani, na ndivyo nitembeavyo hata leo.

Mabishano yetu yakikolea, lazima mtu ataje Westgate, lile jengo la maduka la Nairobi lililovamiwa na magaidi, na ana haki. Septemba 21, 2013, raia wachache wenye leseni, akiwemo Abdul Haji aliyekuja kuwa seneta wa Garissa, waliingia mle ndani na bastola zao wakasaidia kuwatoa watu. Sisi wote tunaobeba tumewahi kujiona tukifanya kama wao. Lakini ile ilikuwa siku moja. Kabati la chumbani kwangu lipo pale kila siku, na mtoto mwenye miaka saba ana likizo tatu kwa mwaka.

Yangu ni Glock. Haina kitufe cha usalama cha nje, kinga zake zimo ndani na nyingine imo kwenye triga yenyewe. Ukivuta triga, inafyatua, basi. Kuivuta kunataka nguvu ya kilo mbili na nusu hivi, na mtoto hahitaji kidole kimoja chenye nguvu kama cha mtu mzima. Anaigeuza ikimtazama yeye, anasukuma kwa vidole gumba viwili. Zile bastola za CZ ambazo wenzangu wengi wanazo, ukizibeba kile kinyundo chao cha nyuma kikiwa kimelala, mvuto wa kwanza wa triga ni mzito zaidi. Huo ni msaada, lakini siwezi kuuita ulinzi.

"Mimi wangu nimewafundisha." Nasikia sana hilo kwenye uwanja wa shabaha, na mimi pia nililisema. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Pediatrics lilichapisha jaribio lililofanyika Marekani. Wavulana wa miaka 8 hadi 12, wawili wawili au watatu watatu, waliachwa chumbani dakika kumi na tano, na kwenye droo mlikuwa na bastola halisi isiyoweza kufyatua, iliyotegwa kifaa cha kuonyesha kama triga imevutwa. Makundi yalikuwa 29. Makundi 21 yaliipata. Kumi na sita kati ya hayo yakaishika. Kumi yakavuta triga. Na zaidi ya asilimia 90 ya walioishika au kuvuta triga walisema walikwisha kufundishwa habari za usalama wa silaha. Fundisha, ndiyo, ni wajibu wako. Ila usiyategemee mafundisho hayo kama unavyotegemea kufuli.

Halafu kuna jambo la nyumba zetu. Ushauri mwingi tunaousoma kwenye simu umeandikwa kwa nyumba ya baba, mama, watoto wawili na mbwa. Njoo kwangu. Yupo dada anayetusaidia kazi. Yupo binamu aliyekuja kutafuta kazi wiki mbili na sasa ni mwezi wa nane. Mama mkwe huja na wajukuu. Fundi wa bomba anapita mpaka bafu la chumbani. Watoto wa jirani wanakuja kutazama katuni. Na Jumapili ya pili ya mwezi chama cha mke wangu kinakutana kwetu, wanawake kumi na wanne, na kila mmoja anaweka mkoba na shali yake wapi? Juu ya kitanda chetu, hatua moja kutoka kwenye droo ambayo mwanamume mwenye akili timamu aliniambia ndipo "mahali pazuri kabisa" pa kuweka bastola.

Kuficha si kufunga. Nyumba ya Kiafrika haina pa kuficha. Dada anayefagia chini ya kitanda chako anajua ulipoweka pesa za karo, anajua barua ulizozikunja, na bastola yako alikwisha kuiona wiki ya kwanza akanyamaza. Tena fikiria unavyomtendea: siku ikipotea, polisi wataanza na nani? Umemwekea mtu mwenye mshahara mdogo kesi kubwa juu ya kabati, naye anaipangusia vumbi kila Ijumaa. (Kwangu, ni wazi hakuwa anafika mpaka juu. Namshukuru Mungu kwa vumbi lile.)

Sheria yenyewe haina mzunguko. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwenye silaha aiweke mahali salama na achukue kila tahadhari isipotee, isiibiwe, wala isimfikie mtu asiye na ruhusa. Haijasema iwe juu. Haijasema iwe chini ya mto.

Kwa hiyo tangu Agosti ile nina kanuni moja, nayo ni kichwa cha makala haya. Bastola iko kiunoni mwangu, ndani ya ala ngumu inayofunika triga yote, na shati juu yake. Au iko ndani ya sefu iliyofungwa. Mto, droo, kabati, begi la kompyuta, juu ya friji, zote hizo ni sehemu ya tatu, na sehemu ya tatu haikupi utayari wowote. Inakupa kujidanganya tu. Mwizi akiingia ukiwa sebuleni, ya chini ya mto iko mbali na wewe, na huenda iko karibu na yeye.

Sefu ilinipa tabu kuliko nilivyotarajia. Nilianza na ya alama ya kidole, ya kisasa, inayowaka taa ya bluu. Siku moja nimetoka kuosha gari, vidole vimekunjamana kwa maji, ikanikataa mara nne mfululizo. Nikairudisha, nikachukua ya vitufe vinne vinavyobonyezeka hata gizani. Fundi alitoboa ukuta wa zege ndani ya kabati akaifunga kwa bolti nne, maana sefu ndogo isiyofungwa ukutani humsaidia mwizi kubeba. Betri nazibadilisha Januari na Julai hata kama hazijaisha. Na ufunguo wa akiba, nakiri hapa mbele ya watu, ulikaa kwenye droo ya soksi karibu mwaka mzima kabla sijang'amua kwamba nilikuwa nimenunua mlango wa chuma na kuuacha wazi.

Nimejipima usiku, taa zimezimwa: kutoka kulala mpaka bastola mkononi ni sekunde tisa. Nikimwambia mwenzangu anacheka, ananitajia mita sita na sekunde moja na nusu. Lakini Tueller alikuwa anamzungumzia mtu aliyesimama mbele yako. Anayeingia nyumba ya Nairobi ana ukuta, ana geti, ana mlango wa chuma, ana nondo za dirisha, na kwetu ana geti la ndani linalotenga vyumba vya kulala na sebule, ambalo tunalifunga kwa kufuli kila usiku na mama mkwe analiita jela. Hapo ndipo sekunde zangu tisa zinapotoka. Pesa niliyotumia kwenye lile geti na taa za nje imenipa utayari mwingi kuliko kitu chochote cha kuweka chini ya mto, na mtoto akilichezea geti anachoweza kubana ni kidole tu.

Mke wangu hana namba za sefu, kwa kuwa cheti ni changu. Ananiuliza, na nikiwa safarini? Jibu langu ni geti, king'ora na simu. Anasema jibu hilo lilitutosha hata kabla sijanunua bastola. Bado sijapata la kumrudishia.

Jambo dogo lakini limewaponza wengi: zamani kila jioni nilikuwa natoa risasi, na kila asubuhi naipakia upya, nikijiona mwangalifu. Mkufunzi akaniuliza bastola za nyumbani hulipuka lini hasa. Zinapokuwa zinashikwashikwa. Unachomoa magazini, kile kikasha cha risasi, unaona iko wazi, unavuta triga kuhakikisha, kumbe ile moja bado imo kwenye chemba, kwa sababu kuchomoa magazini hakuiondoi. Siku hizi naivua pamoja na ala yake, triga ikiwa imefunikwa, naiingiza sefuni ilivyo. Naitoa kwenye ala ninapokwenda shabaha au kusafisha tu.

Kuna na lile ambalo wanaume hatulizungumzi. Huko Marekani ambako hesabu zinawekwa vizuri, zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa risasi ni watu waliojiua wenyewe. Nilipopoteza kazi miaka mitatu iliyopita, nilikuwa nalala mchana na kukesha usiku, na usiku mmoja nikajikuta nimekaa kitandani nalitazama kabati. Sikufungua. Asubuhi nilikwenda kituo cha polisi na cheti changu nikaomba ikae huko, ikakaa miezi mitano. Ofisa aliniuliza sababu, nikamwambia nasafiri. Sikusafiri popote. Wakati ule sefu haikuwa na faida kwangu, kwa sababu namba nilikuwa nazijua mimi.

Kinachonishinda hadi leo ni gari. Kiunoni au sefuni, sawa, lakini mji umejaa milango ambayo haikuruhusu kuingia nayo, na mwenye haraka huisukuma chini ya kiti. Mwaka jana mama alilazwa. Nilifika hospitali, mlinzi akanikagua, nikamwonyesha kadi yangu, akaniambia kwa upole kwamba silaha haiingii wodini, na pa kuiweka hawana. Nikarudi kwenye gari, nikaiacha chini ya kiti, nikafunga milango, nikavuta kila mpini mara mbili. Kisha nikakaa kando ya kitanda cha mama dakika kumi na tano. Ananisimulia habari za jirani yake wa kitanda na mimi naitikia "ee, ee" huku masikio yako kwenye maegesho.

Nikamuaga. Nikaendesha mpaka nyumbani, nikaifungia sefuni, nikarudi tena kwenye foleni ya jioni. Saa za kutazama wagonjwa zilikuwa zimekwisha. Mlinzi yule yule akaniambia nije kesho saa sita.